Maji Juu ya Kichwa cha Mzee Maganga

Kijana niliyemkabidhi kengele ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini, ana simu yenye katuni za Nuhu na safina yake, na watoto wanamsikiliza kuliko walivyopata kunisikiliza mimi. Yeye na wenzake wameniomba niwaandikie yale niliyokutana nayo katika kazi ya kuwafundisha watoto dini, ili wasianze na sifuri. Nimekubali, ila nawaonya mapema. Nimestaafu ukatekista nikiwa na maswali mengi kuliko siku niliyoanza, na lipo moja ambalo hata sasa, nikikaa peke yangu na chai yangu, linanirudia. Anayetafuta majibu humu atapata machache.

Nilianzia Tura, pale penye stesheni ya reli. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Anselmi, katekista mkongwe aliyetoka Burundi akapitia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mtu mwembamba, mkali wa macho lakini si wa mkono. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi darasa, naye akaenda kukaa nyuma kabisa. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nikaanza na uumbaji, sauti yangu ikipanda kama ya askofu, na nilipofika siku ya tatu, Mungu anatenga nchi kavu na bahari, treni ikapiga honi. Watoto wote wakaondoka. Hawakuaga, hawakuomba ruhusa. Waliinua sahani za karanga na ndizi walizokuwa wameziweka chini ya madawati wakakimbilia mabehewa. Nikabaki na chaki mkononi. Mzee Anselmi akaniambia niendelee tu, maana Mungu naye aliumba bila wasikilizaji.

Nilidhani ananitania. Baadaye nikajua ananifundisha. Kabla ya kupanga somo, alisema, ulizia kwanza watoto wanafanya kazi gani na saa ngapi. Tangu hapo nikawa naulizia ratiba ya treni, ingawa treni yenyewe haikuwa ikiifahamu.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Katekisimu ndogo ya maswali na majibu, chaki, ubao uliopakwa unga wa mkaa wa betri, baiskeli, na rimu ya lori iliyotundikwa kwa waya ndiyo kengele. Katekisimu ile niliipenda sana. Kila swali lilikuwa na jibu lake chini, fupi, lisilo na wasiwasi. Nilikuwa kijana, nikaamini maisha nayo yamepangwa hivyohivyo.

Nilipohamishiwa upande wa Urambo, kwenye kigango kimoja kilichopo kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, nikakuta wakulima wa tumbaku. Huko adui wa mafundisho si treni, ni bani. Wale msiolijua, bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku. Moto wake hauruhusiwi kuzimika, na watoto wanapokezana zamu za kuuchochea. Jumapili wanakuja wananuka moshi, wanakaa, wanalala. Niliwakemea msimu mmoja mzima bila faida. Msimu uliofuata nikawafuata kwenye vibanda ambako wanafunga majani ya tumbaku kwenye fito, nikafunga nao huku tunaimba majibu ya katekisimu. Mikono ikiwa na kazi, kichwa hakisinzii. Hilo ni la hakika, mnaweza kulichukua.

Ila hata humo hawakuniacha salama. Siku moja niliuliza Mungu yuko wapi, wakajibu vizuri kwamba yuko mahali pote. Mtoto mmoja akauliza kama yuko hata ndani ya bani. Nikasema yuko. Akasema basi achochee yeye, sisi tukalale. Wenzake wakacheka, nami nikacheka, halafu nikarudi nyumbani nikitafuta ningemjibu nini.

Sasa nifike kwa Sabina.

Sabina alikuwa mtoto wa komunyo ya kwanza, mdogo wa umbo, anayeuliza kwa upole na kung'ang'ania. Babu yake, Mzee Maganga, alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome ilikuwa mbali porini, na akienda huko hukaa hadi watu wasahau kama yupo. Hakuwa wa kanisa wala wa msikiti. Akiulizwa dini yake alisema nyuki hawajamuuliza. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Bibi Kalunde, na mdogo ni Bibi Nyamizi, ambaye ndiye aliyemzaa baba yake Sabina. Nyumba zao zilitazamana, na walikuwa wanaazimana chumvi bila ugomvi, jambo ambalo hata baadhi ya ndoa zetu za kanisani hazikuliweza.

Mwaka ule, kama kila mwaka, niliwafundisha watoto ubatizo wa dharura. Mtu akiwa katika hatari ya kufa na hakuna padre, yeyote anaweza kumbatiza, hata mtoto, mradi akusudie lile linalokusudiwa na Kanisa. Mimina maji kichwani yatiririke, sema maneno. Nilifundisha kwa vitendo. Gunzi la hindi lilikuwa mtoto mchanga, kata ya kibuyu ikashika maji, na kila mmoja alibatiza gunzi lake kwa zamu. Niliongeza, kama ilivyo sahihi, kwamba mtu mzima lazima aulizwe kwanza kama anataka. Walifanya vizuri sana. Nilirudi nyumbani nimeridhika.

Kabla mahindi hayajakomaa, Mzee Maganga akatoka porini na malaria, ikampanda kichwani. Ilikuwa mchana, watu wazima wametawanyika kutafuta pikipiki ya kumkimbiza hospitali Urambo mjini, na Sabina akaachwa amwangalie. Pikipiki ilipofika walimkuta mzee kalowa kichwa, wakadhani mtoto alikuwa anampoza homa. Wakampakia katikati ya watu wawili, wakaondoka.

Jumapili Sabina alinyoosha mkono darasani akatoa taarifa kwamba amembatiza babu, na jina alilompa ni Simeoni. Nikamuuliza kwa nini Simeoni. Akasema kwa sababu ni mzee. Watoto wakampigia makofi. Mimi nilisimama pale, furaha na hofu vimenishika pamoja, nikashindwa kujua nianze na kipi.

Hospitali wakamtibu, akapona. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: tulimfundisha mtoto habari za mtu anayekufa, hatukumfundisha habari za mtu anayepona. Habari zilizunguka kijiji kizima kabla mzee hajarudi, na wa kwanza kufika kwangu alikuwa Bibi Nyamizi. Alikaa kwenye kigoda, akaitikia salamu yangu, akakataa chai.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kuuliza kama nifunge mizigo."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba Mkristo ana mke mmoja, na kama mumewe sasa ni Mkristo, mke ni Bibi Kalunde. Yeye ni nani? Amezaa watoto sita katika ua ule. Na aliyemtoa ni mjukuu wake mwenyewe, tena kwa kikombe chake mwenyewe cha kunywea maji. Hakuwa amekasirika. Alitaka tu kujua siku, ili amtaarifu kaka yake kule Nzega ampokee.

Nikamwambia asifunge kitu mpaka nimuulize paroko, padre mkuu wa parokia yetu. Akaenda. Nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Kila nililolifundisha lilikuwa sahihi, kila alilolifanya Sabina lilikuwa sahihi, na bado mama wa watu alikuwa anauliza nauli ya Nzega.

Nikaenda kumhoji Sabina mbele ya baba yake. Ulimuuliza kama anataka? Nilimuuliza. Akasemaje? Aliitikia kwa kichwa. Mara ngapi? Mara nyingi. Hapo baba yake akakohoa, akasema homa ilikuwa inamtetemesha mzee mwili mzima, kitanda kilikuwa kinagonga ukuta, na kichwa lazima kilikuwa kinaitikia kila kitu. Sabina akasema anajua tofauti ya kutetemeka na kuitikia. Baba yake akanigeukia akasema maji yakimwagika hayazoleki, tuone tutakavyoishi nayo. Niliwatazama wote wawili, nikawaamini wote wawili.

Mzee Maganga mwenyewe alirudi juu ya pikipiki, kakonda, akaambiwa kwamba sasa ni Simeoni. Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Ila kuanzia hapo kila aliyemuuliza kama aliitikia au alitetemeka alijibiwa habari za nyuki.

Paroko akaja kwa ajili ya mtihani wa komunyo. Ilikuwa desturi kuwaita watoto mmoja mmoja mbele ya meza, wazazi wakisikiliza kutoka madirishani. Sabina alijibu yote. Paroko akamuuliza nani anaweza kubatiza, akajibu, na kabla hajasimamishwa akaongeza kwamba yeye ameshabatiza. Paroko akanitazama. Nikatazama ubao.

Baada ya mtihani tulikaa sakristia, chumba cha padre kilicho nyuma ya altare: paroko, mimi, Mzee Maganga, wake zake wote wawili, na Sabina mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza. Paroko alikuwa mtu mwema na mwenye subira. Akaeleza kwamba mtu mzima habatizwi bila kutaka. Kama mzee alitaka, maji yale ni ubatizo, haurudiwi, na mambo ya ndoa itabidi yatazamwe. Kama hakutaka, ni maji tu, na hakuna kosa kwa yeyote. Basi aseme.

Nilimwona Bibi Nyamizi akikaza khanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kuinua mzigo. Nilimwona Sabina akiutazama mdomo wa babu yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vyovyote atakavyosema, mmoja wao ataumia, na nilitamani treni ya Tura ipige honi sote tukimbie.

"Padre," Mzee Maganga akasema, "mimi nilikuwa nusu ya mtu. Sikumbuki."

Paroko akamuuliza tena kwa njia nyingine. Akasema hakumbuki. Akamuuliza basi sasa anataka nini. Akasema kwa sasa anataka kurudi nyumbani, jua ni kali. Paroko akavua miwani, akaifuta, akasema tutamwachia Mungu kwanza. Bibi Nyamizi hakufunga mizigo. Sabina alipokea komunyo na wenzake, na nilidhani mambo yamekwisha.

Wiki iliyofuata Sabina akanifuata kwenye kibanda cha tumbaku. Akaniuliza kama yeye alipobatizwa akiwa mchanga alitaka. Nikamjibu jibu sahihi, ambalo nanyi mnalijua: mtoto mchanga hubatizwa katika imani ya wazazi na ya Kanisa. Akafunga jani moja, akafunga la pili.

"Basi imani yangu haikumtosha babu?"

Nilikuwa na miaka mingi kazini. Nilikuwa nimehudhuria semina za makatekista Tabora mjini nisizoweza kuzihesabu. Nikamwambia nitauliza. Nikauliza, nikapewa maelezo mazuri juu ya utashi wa mtu mzima, nikayaelewa vizuri kabisa mpaka nilipomwona tena mtoto yule, nikaona siwezi kuyasema.

Mambo hayakuisha. Jumapili moja Mzee Maganga aliingia darasani, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. Alisema amekuja kuona mtoto alifundishwa nini. Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na akaendelea kuja miaka na miaka, ukiacha misimu ya asali. Sikujua nimwandike wapi. Si mkatekumeni, maana wakatekumeni wanaomba ubatizo na yeye hakuomba. Si Mkristo, maana hatukujua. Paroko akasema mwache akae. Nikamwacha.

Alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote niliowahi kufundisha. Alileta masega ya asali katikati ya somo la Amri Kumi, darasa likavunjika. Baba Yetu aliijua upesi, Salamu Maria pia, lakini Nasadiki, ile sala ndefu ya kukiri imani, ilimshinda. Kila mara alifika kwa Ponsio Pilato akakwama, na Sabina, aliyekuwa sasa msichana mkubwa anayenisaidia kwa watoto wadogo, alimsogelea akamnong'oneza. Bado alikwama palepale. Nilimuuliza siku moja kwa nini haendi mbele. Akasema huyo bwana aliulizwa swali akanawa mikono, anamfikiria. Sikujua kama ananicheka.

Bibi Kalunde alitangulia kufa, Mungu amrehemu, na Bibi Nyamizi alimlilia kuliko wote. Mvua zilizofuata Mzee Maganga akaanguka. Safari hii haikuwa malaria bali moyo, na hospitali ikawaambia wamrudishe nyumbani. Paroko alikuwa Tabora na barabara ilikuwa imekatika. Baba yake Sabina akanifuata asubuhi na pikipiki, tukaiburuta matopeni zaidi ya tulivyoipanda.

Nilimkuta amelala, akili zake timamu, miguu yake imewekwa juu ya mapaja ya Bibi Nyamizi. Sabina alikuwa amekuja tangu jana yake kutoka Urambo mjini anakoshona cherehani, amekaa karibu na kichwa. Nikaomba maji. Wakanipa kikombe cha plastiki. Nikakishika kwa mikono miwili, mimi ambaye niliwafundisha watoto wa vijiji vitatu jambo hili kwa gunzi la hindi.

"Mzee," nikasema, "unataka kubatizwa?"

"Si Sabina alishanibatiza."

"Ulimwambia paroko hukumbuki."

Akafumba macho, nikadhani anaondoka. Akayafungua.

"Nakumbuka. Alikuwa analia, mwalimu. Akaniuliza, babu, unataka? Nilichotaka ni asilie. Nikaitikia."

Nikamuuliza basi kwa nini hakusema vile sakristia. Akamwonyesha Bibi Nyamizi kwa kidevu, kisha Sabina.

"Ningesema nilitaka, huyu angeondoka. Ningesema sikutaka, yule angekuwa mwongo. Wewe ungesemaje?"

Bibi Nyamizi alijifunika uso kwa khanga, mkono mmoja ukabaki umeishika miguu ile. Mimi nilisimama na kikombe. Nilikuwa nikijiuliza kama kutaka mtoto asilie ni kutaka ubatizo. Kama ndiyo, huyu ni Mkristo wa miaka mingi na mimi nimekuja kumlowesha bure. Kama siyo, ametuachia dakika chache. Niliona aibu kwamba miaka yote ile alibeba jibu kifuani mwake, akakaa kwenye benchi la watoto nalo, na mimi nilikuwa namhesabia makosa ya Nasadiki.

Nikamuuliza kama sasa, leo, kwa moyo wake, anataka.

"Nataka," akasema. "Mimina. Lakini usimfutie mtoto ya kwake."

Kanisa lina maneno ya hali hiyo. Tulifundishwa semina, na sikuwahi kudhani nitayahitaji. Nikasema, Simeoni, kama hujabatizwa, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nikamimina. Sabina alikuwa ameweka viganja vyake chini ya kichwa cha babu yake, maji yakapita kwangu yakaishia mikononi mwake. Mzee alitabasamu kidogo, akaomba apewe maji mengine ya kunywa.

Alifariki kabla ya jioni. Paroko alifika siku ya pili, miguu imejaa tope, tukamzika Kikristo. Tulipotoka makaburini aliniuliza ni nani aliyembatiza marehemu, kwa sababu kwenye kitabu cha ubatizo lazima aandike jina moja. Nikamtazama Sabina, aliyekuwa mbele yetu amemshika bibi yake mkono kwenye utelezi. Nikamwambia ni mmoja wetu, mimi au yule binti, na kwamba ni yupi, sijui.